Majina ya Zana za Zimamoto: Lamu Itaingia Wapi katika Orodha Moja?

Pendekezo la kuvitaka vikosi vyote vya zimamoto viyaite magari na zana zao kwa majina yaleyale huonekana dogo, mpaka mtu aitazame ramani ya Lamu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti huduma za kuzima moto. Hata hivyo kiwanja cha ndege cha Manda kimo mikononi mwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, bandari ya Kililana, iliyofunguliwa gati lake la kwanza Mei 2021, ni ya Mamlaka ya Bandari, na jeshi la wanamaji lina kambi yake Manda Bay. Moto ukishika mapaa ya makuti mjini Amu, mji mkongwe ulio kisiwani, wakati wa upepo wa kaskazi, anayeomba msaada huenda akazungumza na watu waliofunzwa kazi moja kwa misamiati tofauti.

Wanaotetea orodha moja wana historia ya kuitegemea. Baada ya mioto ya California ya 1970, iliyoua watu 16 na kuteketeza majengo zaidi ya 700, taasisi za huko ziliunda FIRESCOPE, mpango wa kuoanisha istilahi na utendaji wa vikosi vya zimamoto, kwa kuwa zilikuwa zimeshindwa kuelewana zilipofanya kazi pamoja. Neno tanka, kwa mfano, lilimaanisha lori la maji katika majimbo ya mashariki mwa Marekani, na ndege ya kumwaga maji katika yale ya magharibi. Leo magari yao hupangwa kwa aina zenye vipimo: aina ya kwanza sharti ibebe angalau galoni 300, yaani lita 1,135 hivi, na aina ya sita galoni 150. Kwetu, anayeomba boza, yaani lori la tangi la maji, hajasema kama analitaka lenye pampu yake au lile la kubeba maji tu, na lori lisiloweza kusukuma maji likifika gatini Mokowe, upande wa bara, limeongeza msongamano.

Wapinzani nao hawabishi ovyo. Mwezi wa Februari 1904 jiji la Baltimore lilipoungua, vikosi vya miji jirani viliitwa na vikafika, lakini mipira yao mingi haikushika kwenye mabomba ya maji ya mtaani kwa sababu viungio havikulingana. Majengo zaidi ya 1,500 yakateketea. Jina sahihi lisingewasaidia. Zaidi ya hapo, vikosi vya viwanja vya ndege vinafuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, hivyo kuvitaka viache istilahi zao ni kuwapa kamusi ya pili wafanyakazi ambao tayari wana ya kwanza.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi, ingawa halisemwi sana, ni kwamba orodha za namna hii huandikwa na watu wa barabara. Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Amu, hupitisha punda na mkokoteni; gari la zimamoto halina pa kuingilia. Zana zenye maana Amu ni pampu inayobebwa na watu, mashua ya kuivusha, na mpira mrefu wa kutosha kufika vichochoroni. Maji yakipwa, swali la kwanza ni urefu wa mpira wa kunyonyea, na pampu ikiwekwa juu ya ukuta wa pwani kuna mpaka wa kimaumbile pia, kwani kwa kawaida hainyonyi vizuri kutoka kina kinachozidi mita saba hivi. Orodha inayoanza na kuishia kwenye malori haitakuwa na mahali pa kuyaandika haya.

Kwa hiyo naunga mkono majina ya pamoja, lakini kwa maombi ya msaada baina ya taasisi pekee; kituoni kila kikosi kiite gari lake kipendavyo. Kila jina lifuatane na lita kinazobeba chombo, lita kinazosukuma kwa dakika, aina ya kiungio cha mpira, na kama chombo hicho kinaweza kuvushwa kwa mashua. Kaunti ya Lamu haina haja ya kungojea Nairobi: jedwali la ukurasa mmoja baina yake na taasisi tatu nilizozitaja, lenye mashua na pampu za kubeba juu kabisa, linaweza kuandikwa na kufanyiwa zoezi la redio kabla kaskazi haijaanza kuvuma.