Insha zetu zisomwe na mashine?

Kuna makala inayosema akili bandia itawapunguzia walimu kazi ya kusahihisha insha. Mimi nafundisha Kifaransa Bukavu, Kongo, huku mtaa wa Kadutu, na uzito wa lile rundo la makaratasi naujua. Ila jambo lenyewe si jipya. Marekani, mtafiti Ellis Page alianza kulijaribu miaka ya 1960. Mwaka 2014 Les Perelman wa chuo kikuu cha MIT na wanafunzi wakaunda programu inayotunga upuuzi mtupu wenye maneno makubwa, na mashine ya kusahihisha ikaupa alama za juu! Hapo ndipo naogopa. Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita tayari wanapachika « par conséquent » (yaani « kwa hiyo ») kila mstari (sijui nani aliwaambia inaleta pointi).

Juzi mmoja aliandika juu ya mama yake anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, sokoni Nyawera, sentensi ya mwisho ikakatika bila nukta. Nikamwandikia pembeni kwa biki nyekundu: endelea. Mashine ingemwandikia nini? Maswali ya kuchagua jibu ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, sawa, isahihishe. Disertasyo, yaani insha, watuachie. Na wanaotaka kweli kutupunguzia kazi waanze na idadi ya watoto darasani.