Kabla hamjanunua mtambo, tope atalitoa nani?

Kuna swali moja huwa naliuliza kwenye vikao vya majitaka na kila mara linawakera watu: tope, yaani ule uchafu mzito unaotuama chini majitaka yakisafishwa, atalitoa nani na atalipeleka wapi? Maana mtambo kila mtu anapenda kuuongelea, una mota ngapi, unasafisha lita ngapi kwa siku, ila ukigusa tope tu wote wanainamia simu.

Iko hivi, majitaka ya kijiji kidogo hayana maajabu. Karibu yote ni maji, uchafu wenyewe hata asilimia 1 haufiki. Wanaousafisha ni bakteria na wao wanataka hewa na muda basi. Mjini ardhi hakuna kwa hiyo hewa inapulizwa kwa mota usiku na mchana, sasa kijijini ardhi ipo, jua lipo, tunakimbilia mota ya nini? Umeme ukikatika siku mbili bakteria wanaanza kufa, spea ikikosekana miezi ule mtambo unageuka tenki la kutunzia harufu.

Mimi ni mtu wa mabwawa ya kusafishia majitaka, maji yanatoka bwawa moja kwenda jingine, na sioni aibu. La kwanza lina kina kirefu, mita 2 hadi 5, hewa hamna, uchafu mzito unazama na kuozea humo. La pili ni mita 1 na nusu hivi, maji kijani kabisa, na huo ukijani ndo unaowatisha wageni wanadhani pameharibika, kumbe ndo injini yenyewe hiyo! Mwani, vile vimea vidogo vya kijani, unapata jua, unatoa oksijeni, bakteria wanaitumia. Ya mwisho hayana kina sana ili jua lipenye liue vijidudu, na maji yakikaa humo siku za kutosha mayai ya minyoo nayo yanazama chini. Swichi hata moja hakuna.

Haina maana hayana shida. Yanakula eneo, ukiyazidishia mzigo yananuka, na majani yakiachwa pembeni mbu wanahamia (kumlipa mtu wa kufyeka inashinda kila mwaka kuita wataalamu wa mbu). Halafu ndo linakuja tope, haliepukiki, iwe bwawa iwe karo la nyumbani, lile tenki la chini ya ardhi linalopokea maji ya choo.

Kulipima ni rahisi mpaka inachekesha: chukua mti mrefu, funga kitambaa cheupe, ushushe taratibu hadi chini, subiri kidogo kisha uutoe. Pale weusi ulipoishia ndo tope limefika. Kwenye karo likishakaribia theluthi ya kina ni wakati wa kunyonya, kwa wengi ni kama miaka 3 hadi 5, lakini watu wanasubiri mpaka choo kirudishe ndo wanatafuta gari, na hapo tope limeshatoka zamani limeenda kuziba lile shimo linalofuata karo, ambalo maji yake hunywewa na ardhi, na shimo likiziba hivo kulifufua ni shughuli, mara nyingi unachimba jipya.

Na msilimwage bichi shambani eti mbolea. Mbolea ni kweli, ila mayai ya minyoo yanaweza kukaa hai kwenye udongo zaidi ya mwaka.

Kwa hiyo mkija na ramani zenu nzuri za rangi, sitaangalia mtambo kwanza. Nionesheni gari la kunyonya litapita wapi na vitanda vya kukaushia tope mmevichora upande gani.