Sheria ya Uvuvi Ianzie Kwenye Wavu, si Kwenye Mzani

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu chake cha 61, unayataka mataifa yenye pwani, yanapoweka hatua za kuwahifadhi samaki wanaovuliwa, yazingatie pia viumbe wengine wanaohusiana na samaki hao au wanaowategemea. Wazo la kwamba uvuvi huathiri bahari nzima, na si samaki wanaolengwa peke yao, limo basi ndani ya sheria kwa zaidi ya miaka arobaini. Hata hivyo, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kuwa mwaka 2021 asilimia 37.7 ya akiba za samaki baharini zilikuwa zikivuliwa kupita kiasi, ilhali mwaka 1974 kiwango hicho kilikuwa asilimia 10. Kwa maoni yangu, upungufu hauko katika idadi ya sheria. Nyingi kati yake hupima kile kinachofika bandarini, wakati madhara yenyewe hutokea mbali, mahali ambapo hakuna anayepima.

Mfumo unaotegemewa zaidi ni ule wa kuweka kikomo cha tani za kila aina ya samaki kwa mwaka. Sipendekezi uondolewe. Lakini kikomo hujengwa juu ya makadirio, na makadirio huweza kukosea vibaya: huko Newfoundland wingi wa chewa ulikadiriwa kuwa mkubwa kuliko hali halisi katika miaka ya 1980, na mwaka 1992 Kanada ikalazimika kuusimamisha uvuvi huo. Tena kikomo humwambia nahodha alete nini nchi kavu, bila kumwambia asiue nini akiwa kazini. Wavu wa kukokota hukusanya aina nyingi kwa pamoja, na nahodha aliyemaliza kikomo cha aina moja huku akiwa bado na nafasi ya aina nyingine ataendelea kuvua, kisha wale asioruhusiwa kuwaleta atawamwaga, wengi wakiwa wameshakufa. FAO inakadiria kuwa samaki wanaotupwa baharini kwa njia hii na nyinginezo wanazidi tani milioni 9 kwa mwaka.

Umoja wa Ulaya ulijaribu kuuziba mwanya huo kwa sera yake ya mwaka 2013, iliyowataka wavuvi walete bandarini samaki wote wa aina zenye vikomo, na wajibu huo ukaingizwa kwa awamu kati ya 2015 na 2019. Nia ilikuwa njema. Ila utekelezaji wake ulitegemea uaminifu wa mtu ambaye sheria yenyewe ilimtia hasara, maana samaki wadogo wasio na soko hujaza ghala la meli na kula sehemu ya kikomo chake, na hakuna shahidi akiwarudisha majini. Utupaji uliendelea, na marekebisho ya mwaka 2023 sasa yanataka kamera katika meli zenye urefu wa mita 18 au zaidi ambazo zina hatari kubwa ya kukiuka wajibu huo. Norwe, iliyoanza kukataza utupaji mwaka 1987, ilikwenda kwa njia nyingine: pamoja na katazo, hufunga mara moja maeneo yanayoonekana kuwa na samaki wachanga wengi, na ikalazimisha vichujio vya vyuma ndani ya nyavu za kambamiti ili samaki wapate pa kutokea. Hapo sheria haikumwachia mvuvi peke yake kazi ya kujizuia.

Kifaa cha kuwaokoa kasa kinaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Ni fremu ya nondo inayofungwa ndani ya wavu wa kambamiti. Kambamiti hupenya kati ya nondo, kasa huzuiwa na kuelekezwa kwenye tundu la kutokea. Marekani ilianza kukilazimisha mwaka 1987, na miaka miwili baadaye ikaweka masharti hayohayo kwa nchi zinazoiuzia kambamiti. Nchi kadhaa zilishtaki katika Shirika la Biashara Duniani. Uamuzi wa rufaa wa mwaka 1998 haukupinga lengo la kuwalinda kasa, bali ulikosoa namna sharti lilivyotekelezwa kwa ubaguzi, na baada ya marekebisho utaratibu huo ukakubaliwa mwaka 2001. Wapo wanaoshona tundu hilo wakishatoka bandarini, lakini tundu lililoshonwa mkaguzi huliona na kulishika kwa mkono, tofauti na samaki aliyekwisha kutupwa usiku.

Katika bahari ya kusini, tume inayosimamia viumbe vya Antaktika ilikabili vifo vya maelfu ya ndege, hasa albatrosi, walionasa kwenye mishipi mirefu yenye ndoana nyingi karibu na kisiwa cha Georgia Kusini. Iliagiza mishipi itiwe uzito ili izame haraka, ishushwe usiku, ifungiwe kamba za vitambaa vya kuwatisha ndege, na msimu uhamishiwe majira ya baridi, wakati ndege wengi wanaozaliana hapo wameondoka. Vifo vikashuka hadi karibu na sifuri. Ni haki kusema kwamba waangalizi walikuwamo melini, na bila wao pengine matokeo yasingekuwa hayo.

Kwa sakafu ya bahari, kinachohitaji kulindwa ni mahali. Matumbawe ya vilindini huishi karne nyingi, na mkokoto mmoja wa wavu mzito huweza kuyavunja yote. Azimio namba 61/105 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2006, lilitaka maeneo dhaifu ya bahari kuu yafungwe kwa nyavu hizo isipokuwa kuwe na hatua za kuzuia madhara makubwa. Umoja wa Ulaya ulikataza ukokotaji kwenye kina kinachozidi mita 800 mwaka 2016. Marufuku ya mahali huweza kufuatiliwa kwa setilaiti, na mzigo wa kuthibitisha humwangukia anayetaka kuingia, jambo ninaloliona kuwa la haki kuliko kuisubiri sayansi ihesabu hasara.

Kanuni hizi zote zinagongana na fedha. Makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani kuhusu ruzuku za uvuvi, yaliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika Septemba 2025, yanakataza ruzuku kwa uvuvi haramu na kwa akiba zilizokwisha kuvuliwa kupita kiasi, lakini ruzuku zinazoongeza idadi na nguvu za meli kwa ujumla zimeachiwa mazungumzo yajayo. Hadi mazungumzo hayo yamalizike, mkaguzi ataendelea kupima macho ya wavu katika meli ambayo pengine isingetoka bandarini kama serikali iliyomtuma isingeilipia mafuta.