Kitabu Kilichokosa Kurasa za Mwisho

Nakala yangu ya kwanza ya The Lord of the Rings, riwaya ya fantasia ya mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien, haikuwa na mwisho. Nilikuwa na miaka 13. Juzuu ya tatu ilinifikia ikiwa imeshapita mikono mingi, jalada limegandishwa kwa gundi, na kurasa za nyuma zote zimenyofoka. Mimi sikujua. Sura ya mwisho iliyobaki inaishia kwa mfalme kutawazwa, mche wa mti mweupe kupatikana mlimani, na harusi. Kwa mtoto aliyelelewa na ngano zinazofungwa kwa "wakaishi raha mustarehe", huo ulikuwa mwisho halali kabisa. Nilikifunga kitabu, na kwa zaidi ya miaka kumi niliamini nimekisoma chote.

Nilipopata nakala nzima nikiwa mtu mzima, nilikuta sura nne ambazo sikuwahi kuziona. Mashujaa wanarudi kwao na kukuta kwao si kwao tena: miti imekatwa, nyumba zimebomolewa, jirani anamwogopa jirani. Wanapakomboa, wanapajenga upya, watu wanafurahi, isipokuwa Frodo, yule aliyeibeba pete ya uovu ili ikaangamizwe. Yeye haponi. Kila ikirudi tarehe 6 Oktoba, siku aliyochomwa kisu, anaugua. Hatimaye anapanda merikebu na kwenda zake asirudi, akimwachia Sam, mwenzake wa safari, nyumba, kitabu na huzuni.

Sura hizo nilizisoma usiku mmoja, katika mwaka ambao nami nilikuwa nimefiwa. Watu walikuwa wamenipa vitabu vya nasaha, vyote vikiniahidi kwamba nitazoea. Kilichonifikia kwa kweli ni habari ya kiumbe mfupi mwenye miguu ya manyoya, ambaye ameuokoa ulimwengu mzima na bado hawezi kukaa kwa amani mbele ya moto wake mwenyewe. Kitabu hakikuniambia nitazoea. Kilikaa nami tu.

Ndiyo maana huniuma nikisikia riwaya hizi za fantasia zikiitwa vitabu vya kukimbilia, kana kwamba anayezisoma amekataa kukua. Lawama hiyo ni ya zamani, na Tolkien aliijibu mwaka 1939 katika mhadhara alioutoa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti. Alisema wanaolaumu wanachanganya watu wawili: mfungwa anayetoroka na askari mtoro. Askari mtoro amewaacha wenzake vitani. Mfungwa anataka kurudi nyumbani, na hata akishindwa kutoka, hana kosa kuwaza kitu kingine zaidi ya kuta na walinzi.

Na aliyesema hayo hakuwa mtu aliyeukwepa ulimwengu. Mwaka 1916 alikuwa ofisa wa mawasiliano katika mapigano ya Somme, Ufaransa, mpaka homa ya mahandaki ikamrudisha Uingereza. Kufikia 1918, kama alivyoandika baadaye, marafiki zake wa karibu walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja. Katika safari ya Frodo na Sam kuna kinamasi ambamo nyuso za wafu wa vita vya kale huonekana chini ya maji, na Tolkien mwenyewe alikiri katika barua kwamba mahali hapo pana deni kwa kaskazini ya Ufaransa baada ya Somme. Kwa hiyo msomaji anayekimbilia humo akidhani atasahau kifo, anakikuta kimemtangulia. Tofauti ni kwamba humo ndani anaweza kukitazama usoni bila kugeuka.

Shaaban Robert alitupa maneno mawili ambayo, kwangu, yanaeleza jambo hili vizuri kuliko istilahi nyingi za wahakiki. Riwaya yake moja aliiita Kusadikika, iliyotoka 1951, habari ya nchi inayoelea angani. Nyingine aliiita Kufikirika, iliyochapishwa 1967, miaka mitano baada ya yeye kufariki. Yaweke maneno hayo pamoja uyasikilize. Nchi yoyote ya kubuni inafikirika. Mtu yeyote anaweza kukaa kitako akafikiri milima inayotembea na joka linalosema. Kutoka kufikirika mpaka kusadikika ndiyo kazi yote. Vitabu vya fantasia vinavyosahaulika baada ya msimu mmoja vinaishia kwenye neno la kwanza. Vile tunavyovirudia maisha yetu yote vimevuka vikafika kwenye la pili.

Vinavukaje? Sidhani ni kwa wingi wa maajabu, maana maajabu yakizidi hupoteza uzito. Nadhani ni kwa gharama. Katika A Wizard of Earthsea ya mwandishi Mmarekani Ursula K. Le Guin, iliyotoka 1968, habari ya ulimwengu wa visiwa uitwao Earthsea, kijana Ged anayejifunza uchawi anafundishwa tangu mwanzo kwamba mvua ukiita iinyeshee kisiwa hiki, huenda umekipa kisiwa kingine ukame. Hakuna uchawi wa bure. Neno likitamkwa, mahali fulani kuna anayelilipa. Ged anapoonyesha uwezo wake kwa ajili ya kiburi, mbele ya mwenzake anayemdharau, anafungulia kivuli kinachomwachia makovu usoni na kumwinda bahari hata bahari. Mwishowe hakiui. Anakiita kwa jina, na jina hilo ni lake mwenyewe. Nilipolifikia tukio hilo mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini. Nilikuwa nimesubiri pambano, nikapewa kioo.

Njia nyingine ni kazi ambayo msomaji haioni. Tolkien alianza na lugha. Alizibuni tangu ujana wake, akazipa sauti, sarufi na historia, halafu akahitaji watu wa kuzisema na ardhi ya kukanyaga. Kuandika The Lord of the Rings kulimchukua takribani miaka 12, kuanzia mwishoni mwa 1937 hadi 1949, na kitabu kikatoka kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955. Ukisoma unaihisi ile miaka. Mahali pamoja mhusika anawataja paka wa malkia fulani, Berúthiel, kwa sentensi moja tu, halafu msafara unaendelea gizani. Ni akina nani hao paka? Hadithi haisemi. Tolkien mwenyewe aliandika mwaka 1955 kwamba hata yeye hajagundua habari zao. Naipenda sana sentensi hiyo ya paka. Inakufanya uhisi kwamba ulimwengu ule ulikuwapo kabla hujafungua kitabu na utaendelea ukishakifunga, kama unavyopita nje ya nyumba usiku, ukasikia kicheko ndani, ukajua kuna maisha humo yasiyokuhusu.

Hapo ndipo ninapoona siri ya kurudia. Riwaya ya upelelezi, ukishamjua muuaji, imekwisha, hata iwe nzuri namna gani. Hizi za fantasia hazikwishi, kwa sababu hukuzisoma ili ujue nini kitatokea. Unazirudia kama unavyorudi mahali, na kila ukirudi ni wewe uliyebadilika. Nikiwa na miaka 13 nilitaka kuwa mfalme aliyejificha katika mavazi ya msafiri. Nilipokaribia 30 nilimwona Sam tu, yule mtunza bustani anayebeba vyungu na kamba, na ambaye, asipoweza kuubeba mzigo, anambeba mwenye mzigo. Sasa nawatazama zaidi wazee, wale waliokwisha jua kwamba hata wakishinda, enzi yao inapita. Kurasa ni zilezile.

Kuna mahali kwenye ngazi za mwamba, kabla ya shimo la buibui, Sam anakaa kupumzika na kutafakari zile hadithi za kale alizosikia utotoni. Anagundua kwamba mwanga uliomo katika kichupa alichopewa Frodo unatoka katika mojawapo ya hadithi hizo, kwa hiyo wao wawili bado wamo ndani yake. Anashangaa, anauliza kama hadithi kubwa huwa hazikwishi kamwe. Sijui ukurasa mwingine ninaoufungua mara nyingi kama huo. Watu wawili wenye njaa, karibu na kifo, wanajiuliza kama kuna mtoto atakayesimuliwa habari zao. Na mimi ndiye mtoto.

Le Guin alilipeleka jambo hili la umri mbali zaidi. Kitabu cha tatu cha Earthsea kilitoka 1972, kikimwonyesha Ged katika kilele cha ukuu wake, kisha kuupoteza. Wasomaji walidhani imekwisha. Mwaka 1990, baada ya miaka 18, akaandika Tehanu, na humo yule mchawi mkuu aliyepanda joka ni mtu wa makamo asiye na uwezo wowote, mwenye haya, anayekwenda mlimani kuchunga mbuzi. Wapo waliochukia. Mimi nakiona ni kitabu cha kijasiri kuliko vyote alivyoandika katika mfululizo huo, maana aliwaheshimu wasomaji wake kiasi cha kukubali kwamba nao wamezeeka, kwamba waliomsoma wakiwa vijana sasa wana viungo vinavyouma na kazi walizonyang'anywa.

Kitabu hicho pia kilikuwa jibu, na jibu lilihitajika. Hizi riwaya kongwe zina upungufu ambao mpenzi wa kweli hapaswi kuuficha. Katika msafara wa watu tisa wa Tolkien hakuna mwanamke hata mmoja. Weusi na giza vinabebeshwa uovu kirahisi mno, na msomaji mwenye ngozi kama yangu hulisoma hilo na kumeza mate. Le Guin alimfanya Ged kuwa na ngozi ya kahawia tangu 1968, lakini wachapishaji kwa miaka mingi walimchora mweupe kwenye majalada, jambo alilolilalamikia waziwazi. Na katika Tehanu akauliza swali ambalo vitabu vyake vya awali havikuuliza: kwa nini shule ya uchawi ni ya wanaume peke yao? Kuvipenda vitabu hivi hakujanizuia kuyaona hayo. Kumenifanya nitake viandikwe vingine, na watu wengine.

Mwaka jana mpwa wangu, naye ana miaka 13, aliniomba kitu cha kusoma. Nilimpa juzuu zangu za zamani, na sikuwaza lolote kuhusu ile iliyochanika. Wiki kadhaa baadaye alikuja amekishika kitabu wazi, kidole chake kimekaa pale penye nyuzi za jalada.

"Mjomba, kurasa nyingine ziko wapi?"

Alikuwa makini kuliko mimi. Nikamletea nakala nzima. Alizisoma zile sura nne usiku huohuo, na asubuhi alikuwa na macho ya mtu ambaye hakulala. Nilimuuliza ameonaje. Akanyamaza kidogo, kisha akasema anaupenda zaidi ule mwisho uliochanika, ule wa harusi, na kwamba Frodo hakustahili.

Sikubishana naye. Nilimwambia nakala zote mbili zitakaa rafuni, kimoja ubavuni mwa kingine, achukue atakachotaka siku atakayotaka. Alichukua kilichochanika.