Rols ni ya kuulizia, si ya kuchapishia

Kifurushi cha programu cha rols, ambacho Laurent Gatto alikiandika kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu, na ambacho husambazwa kupitia Bioconductor, mradi wa programu huria za biolojia, kina kazi moja: kuiuliza maswali OLS (Ontology Lookup Service), huduma ya mtandaoni ya taasisi ya EMBL-EBI huko Hinxton, Uingereza, iliyokusanya zaidi ya ontolojia 200 za biolojia na tiba, yaani orodha za istilahi zilizopangwa kwa uhusiano wake. Kwa mistari michache ya msimbo, mtafiti hupata fasili ya istilahi, wazazi wake (istilahi pana zaidi), watoto wake (istilahi finyu zaidi) na visawe vyake. Nakipenda kifurushi hiki, lakini nashikilia kwamba hakifai kuwa msingi wa hesabu zinazokwenda kuchapishwa jaridani.

Rols haina data yake yenyewe. Jibu hutoka kwenye seva, nayo hujibu kwa toleo la ontolojia lililopo siku hiyo. Gene Ontology, ontolojia ya kazi za jeni iliyoanzishwa mwaka 1998 na watafiti wa nzi wa matunda, panya na hamira, haijatulia tangu hapo: istilahi huongezwa, hubatilishwa, huunganishwa au huhamishiwa kwa mzazi mwingine. Kitambulisho kama GO:0006915, cha seli kujiua kwa utaratibu, hubaki kilekile, ila matawi yaliyo chini yake yakibadilika, orodha ya jeni zinazohesabiwa kwake nayo hubadilika. Basi anayepima kama jeni zake zimerundikana katika mchakato huo kupita kiasi cha bahati nasibu, anaweza kupata jibu jingine mwakani kwa matokeo yaleyale ya maabara, na asijue tofauti imetoka wapi.

Seva nayo haidumu. Mwaka 2023 toleo jipya la huduma hiyo, OLS4, lilichukua nafasi ya OLS3, na rols ikabidi irekebishwe ili iendane nayo.

Kwa Gene Ontology, njia salama zaidi ni GO.db, kifurushi kingine cha Bioconductor, ambacho huweka nakala nzima kwenye kompyuta ya mtumiaji na huhuishwa kulingana na matoleo ya mradi, mawili kwa mwaka. (Wanaofanya kazi kwa bando la simu hawahitaji kushawishiwa, kwa kuwa nakala hiyo haiulizi seva kila mara.) Watakaosema nakala hiyo huchakaa wana haki, lakini uchakavu wenye tarehe huandikika katika sehemu ya mbinu, na msomaji anaweza kurudia hesabu kwa nakala ileile.

Rols ibaki kwa kazi inayoiweza vizuri, yaani kupekua, hasa mtu anapovuka kutoka jeni kwenda tishu za Uberon, ontolojia ya viungo vya wanyama, au kemikali za ChEBI, ontolojia ya kemikali za kibiolojia. Anayelazimika kuitumia katika hesabu, kwa kuwa ontolojia anayoihitaji haina kifurushi chake, ahifadhi majibu ya seva katika faili pamoja na tarehe na toleo la ontolojia, na wahariri wadai faili hilo liambatane na makala.