Injini ya kununua si aibu

Mwaka jana nilibadilisha injini ya taksi yangu. Niliipata Kisekka, soko la vipuri la Kampala, imetumika Japani lakini bado ina nguvu, nikampelekea fundi wangu, mzee wa Arua mwenye Kiswahili cha kambini. Akaizunguka, akapima kwa kiganja, akacheka. "Injini nzima hii, kijana. Nyumba yako ndiyo ndogo." Vishikizo vilikataa kukutana na matundu, rejeta nayo imeziba njia. Siku tatu tulikata na kuchomelea.

Wakati cheche zinaruka niliikumbuka timu ya Brawn ya langalanga, mbio za magari za Formula 1. Desemba 2008 Honda walijitoa kwenye langalanga, na timu yao, iliyogeuka Brawn, ikabaki na gari zuri lisilo na injini. Mercedes wakawauzia, ila gari lilikuwa limechorwa kwa injini ya Honda, kwa hiyo ikabidi chesisi ikatwe kwa nyuma. Gari hilohilo lililokatwa likampa dereva Jenson Button ubingwa wa 2009, na timu ikabeba wa kwake. Timu ya McLaren, waliokuwa wenza wa Mercedes na walioridhia Brawn wapewe injini, wakapigwa. Msimu ulipokwisha Mercedes wakainunua Brawn, na McLaren, mtoto wa nyumbani, taratibu akageuka mteja anayesubiri kaunta.

Pale steji kwetu wapo wanaofuata mbio hizi, na hawachoki kuniambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako: timu isiyo ya mwenye kiwanda haiwezi kuwa bingwa. Ron Dennis, bosi wa McLaren, naye aliamini hivyo, ndiyo maana 2015 wakahamia Honda ili wawe na mwenza wao peke yao. Wakamaliza wa tisa kati ya timu 10. Suzuka huko Japani, nyumbani kabisa kwa Honda, dereva wao Fernando Alonso alilalamika redioni kuwa amepewa injini ya GP2, yaani ya daraja la chini! Baadaye wakapita kwa Renault, na 2021 wakarudi Mercedes kama wateja wa kawaida. Mwaka 2024 wakatwaa ubingwa wa timu, wa kwanza tangu 1998. Mercedes wenyewe, wenye injini, walikuwa wa nne. 2025 McLaren wakarudia, na Lando Norris akawa bingwa wa madereva.

Kwa hiyo wenzangu wa steji waniwie radhi. Tangu 2018 FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, inamtaka muuzaji ampe mteja injini sawa na yake, pamoja na programu na mafuta ya aina ileile. Kinachobaki ni kuwahi kujua. Mwenye kiwanda huchora gari na injini kwa pamoja, anajua mapema itatoa joto kiasi gani na rejeta ikae wapi. Mteja husubiri kuletewa vipimo. Ni hasara kweli, lakini injini zikizuiwa kubadilishwa, kama zilivyozuiwa kuanzia 2022, mteja anapata muda wa kuizoea aliyonayo. Nadhani McLaren waliutumia muda huo vizuri kuliko mtu yeyote.

Mimi ninachoogopa ni muuzaji kufunga duka. Timu ya Red Bull walibeba ubingwa mara nne mfululizo wakiwa na Renault, 2010 hadi 2013, halafu mambo yalipoharibika wakaanza kumsema muuzaji wao hadharani. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo! Walipobisha kwa Mercedes 2015 walikataliwa, na Ferrari nao hawakuwapa walichotaka. Wakarudi Renault kichwa chini, na 2016 injini ileile ikabandikwa jina la saa, TAG Heuer. Baadaye wakahamia Honda, na sishangai kwamba Honda ilipotangaza kuondoka, Red Bull waliamua kujenga kiwanda chao Milton Keynes, Uingereza, na kwa 2026 wakashirikiana na Ford.

Alpine wamekwenda kinyume: timu ya Renault yenyewe imeacha injini za nyumbani, na kuanzia 2026 inanunua kwa Mercedes. Huko Ufaransa wapo walioumia sana. Mimi ningefanya vilevile, ila mkataba ningeusoma mara mbili.

Kesho narudi Kisekka, kishikizo cha kushoto kimeanza kugonga. Yule muuzaji tulizozana bei mara ya mwisho mpaka majirani wakasogea. Nitaanza kwa kumuulizia watoto.