Charlotte Ni Nani?

Mwezi wa saba Lubumbashi, baridi ya asubuhi haina adabu. Nikifungua kibanda changu cha kushonea hapa Katuba, chuma cha cherehani hakishikiki. Kwa hiyo navaa kila nilicho nacho: sweta, koti la marehemu baba mkwe, na juu ya vyote jezi yangu ya kikapu, rangi ya machungwa, imeandikwa BOBCATS kifuani. Niliipata kwenye mitumba ya soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, nikalipa bei niliyotajiwa. Mama watoto hajanisamehe mpaka leo. Kununua alivumilia, lakini kununua bila kubishana bei aliona ni ugonjwa.

Jezi yenyewe ni mkosi. Wiki moja nyuma mtu mwenye kofia ngumu ya mgodini alisimama mlangoni, akanisoma kifua polepole, akauliza:

"Papa, mashine iko wapi?"

Nikamwonyesha cherehani.

"Hapana, papa. Ile ya kuchota udongo."

Hapo nikaelewa. Huu ni mji wa shaba. Hapa Bobcat ni kale katrekta kadogo kenye beleshi mbele, kanakogeuka palepale kama kuku aliyechinjwa. Nikampa kigoda, nikamweleza yote. Kwamba Bobcats ilikuwa timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ya mji wa Charlotte. Kwamba bobcat ni paka mwitu, na mwenye timu wa kwanza, ilipoanza 2004, aliitwa Bob Johnson, kwa hiyo kila mtu ana ruhusa ya kushuku yule paka alipewa jina la nani. Kwamba tangu 2014 wanaitwa Hornets, yaani manyigu. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia kama anavyoangaliwa mzee aliyevaa fulana ya chama kilichoshindwa uchaguzi.

"Basi mashine hauna?"

Jamani, hii timu sikuitafuta. Mimi nilisindikiza tu. Mwaka 2011 mtoto wa hapahapa Lubumbashi, Bismack Biyombo, alichukuliwa namba 7 kwenye drafti ya NBA, yaani usiku timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Sacramento ndio walioita jina, lakini usiku uleule akawa wa Charlotte. Nikasema, mtoto wetu atakaposhukia, na mimi nashukia hapo. Nikaagiza bia mbili kubwa za Simba kwa deni, nikajitangaza mbele ya watu kuwa mtu wa Charlotte. Ndivyo mtu anavyoingia kwenye matatizo, akiwa anacheka.

Msimu ule wa 2011-12 ulikatwa kwa sababu ya ugomvi wa pesa kati ya wenye timu na wachezaji. Badala ya mechi 82, zikachezwa 66. Namshukuru Mungu kwa ugomvi ule, maana katika hizo 66 Charlotte ilishinda 7. Ikafungwa 59, na 23 za mwisho ikafungwa mfululizo, bila hata kupumzika kidogo katikati kwa ajili ya heshima. Kwa asilimia, hakuna timu ya NBA iliyowahi kumaliza msimu vibaya namna ile. Na mwenye timu alikuwa nani? Michael Jordan! Mwenye pete sita za ubingwa! Ni kama kualikwa kwa mpishi anayesifiwa dunia nzima, ukaletewa bukari, yaani ugali, mbichi na dagaa wenye mchanga.

Biyombo mwenyewe alivumilia miaka minne, 2015 akaenda Toronto. Mwaka uliofuata, kwenye fainali ya kanda, akaokota ribaundi 26 katika mechi moja mbele ya LeBron na Cleveland yake. Orlando wakampa mkataba wa dola milioni 72. Mimi nipo Charlotte. Mwaka 2018 akarudi, nikasema unaona, mwenye kilio karudi. Mwaka 2021 akaondoka tena. Mimi nipo. Na kumlaumu siwezi: baba yake alipofariki, mshahara aliolipwa na Phoenix mwaka 2022 aliutoa ujenge hospitali huku nyumbani kwa ajili ya mzee. Mtu wa namna hiyo unaanzia wapi kumlaumu? Ila angenitumia hata neno moja tu: papa, harusi imekwisha, rudi nyumbani. Bibi harusi kaondoka kwa gari, mimi niliyemsindikiza bado niko jikoni nasugua masufuria.

Jirani yangu wa mkono wa kulia ni kinyozi, mtu wa Goma. Huyo ndiye adhabu yangu ya kila siku. Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma, naye alichukuliwa namba 7, mwaka 2021, lakini na Golden State. Mwaka uliofuata tu, pete! Kinyozi anasimulia habari hiyo kwa kila kichwa kinachoingia, hata cha mtoto wa miaka miwili anayelia.

"Sisi wa Goma volkano tunayo," anasema, "lakini timu mbovu hatuna."

Halafu ananigeukia: "Papa fundi, unakaa mji wa Mazembe, timu ya soka iliyobeba Afrika mara tano, wewe ukachagua Lupopo. NBA ina timu thelathini, ukachagua Charlotte. Hiyo si bahati mbaya tena, hicho ni kipaji."

Ni kweli, mimi ni mtu wa Lupopo. Ubingwa wetu wa mwisho wa nchi ni wa 2002. Na mwaka huohuo 2002 Hornets wa zamani waliihama Charlotte wakaenda New Orleans na jina lao begani. Mwalimu wa hesabu, mstaafu anayekuja kuota jua kibandani kwangu, aliposikia miaka hiyo miwili inafanana, alivua miwani akanitazama. Akasema katika maisha yake yote ya kufundisha hajaona mtu aliyepigiwa mstari namna ile.

Mwalimu ndiye mwenye kumbukumbu. Kwake Charlotte ni ile ya miaka ya tisini, ya Larry Johnson, Alonzo Mourning, na Muggsy Bogues aliyekuwa na urefu wa mita 1.60. Kila akimtaja Bogues anasimama pembeni ya cherehani kutuonyesha kwamba yeye mwenyewe anamzidi kwa vidole vinne, na kwamba asingeingia ualimu, nani anajua.

Siku ile ya mjadala mkubwa mwalimu alikuja na karatasi. "Wakongo tunawekewa namba 7," akasema. "Biyombo 7, mwaka 2011. Mudiay wa Kinshasa 7, mwaka 2015, Denver. Kuminga 7. Kama kiti tulichokatiwa tiketi."

"Na Mutombo, yule wa kuwatikisia kidole akizuia mpira?" nikauliza.

"Mutombo namba 4, mwaka 1991."

"Alipewa 7," akadakia kinyozi, "akakataa kwa kidole."

"Stephen Curry naye namba 7, mwaka 2009," mwalimu akaendelea.

Kinyozi akazima mashine. Mteja akabaki na kichwa nusu. "Basi mwulizeni vizuri, huenda na yeye ni wa kwetu."

Hapo nikapandwa na hasira, maana Curry ni kidonda. Baba yake, Dell, alicheza Charlotte miaka kumi. Mtoto alikulia palepale, kwenye sakafu yetu, akichezea mipira yetu. Alipoiva wakamchuma wengine. Ni yule mtoto wa jirani uliyemlisha maharagi kwako utoto wote, akipata kazi ananunua gari anapita na vumbi.

Mwalimu hakujali machozi yangu. Akageuza karatasi. Upande wa pili aliandika: NAMBA 2. Mwaka 1992, wa kwanza Shaquille O'Neal, Orlando. Charlotte wa pili. Mwaka 2004, wa kwanza Dwight Howard, Orlando tena. Charlotte wa pili. Mwaka 2012, wa kwanza Anthony Davis. Charlotte wa pili. Mwaka 2023, wa kwanza Wembanyama. Charlotte wa pili. Majitu manne yamepita mlangoni kwetu, tukabaki tumeshika kitasa.

Hiyo ya 2012 naomba niiseme kwa utulivu, daktari wa zahanati alinikataza kupandisha sauti. Umefungwa mechi 59. Umedhalilika kuliko timu zote tangu NBA iwe NBA. Malipo yake, kila mtu anajua, ni bahati nasibu ya kuchagua wa kwanza, na wewe ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko wote. Mipira inazungushwa. Anashinda nani? New Orleans! Walewale waliotukimbia 2002! Na bado walikuwa wanajiita Hornets, jina letu! Mke anakuacha, anaondoka na jina lako, halafu anashinda bahati nasibu kwa tiketi aliyoikuta mfukoni mwa suruali yako.

"Lakini ukweli tuuseme," akasema kinyozi. "Mwaka 2011 Klay Thompson alichukuliwa namba 11. Kawhi Leonard namba 15. Wote walikuwa wamekaa pale wanangoja. Nyie mmewaruka, mkamchukua mtoto wenu."

Nilisimama na mkasi. Si kwa nia mbaya, nilikuwa nao tu mkononi. Nikamwambia mtoto wa Lubumbashi hajadiliwi na mtu anayenyoa kwa kukisia. Nikamwambia na Kemba Walker tulimchukua usiku uleule, namba 9, na huyo alibeba timu miaka minane mgongoni kama mtu wa mkaa na baiskeli yake. Nikasema mengi. Nilipokaa tena nilikuwa nimeshashona sare ya mwanakwaya mikono miwili yote ya kushoto. Jumapili iliyofuata yule mama aliinua mkono mmoja tu kwenye haleluya, wa pili ulikataa.

Mnaweza kusema ya zamani yamepita. Yamepita wapi? Mwaka 1996 Charlotte ilimchukua Kobe Bryant, namba 13, ikampeleka Lakers, ikapewa Vlade Divac. Walipokea, hawakuuliza swali. Februari 2025 tukawapelekea haohao Lakers jitu letu la katikati, Mark Williams. Wakampima afya, wakamrudisha! Mimi ni fundi, najua kurudishiwa nguo. Mteja anayekurudishia suruali ana haki yake, lakini si yule aliyeondoka na suti yako miaka ishirini na tisa kabla kwa bei ya kaptula.

Na sasa nifike kwenye jambo lililoniharibia nyumba. Mechi za huko, wakati wa baridi yao, zikianza saa moja jioni, kwetu ni saa nane usiku. Umeme wa mtaani mnaujua, unakuja kama mgeni asiyependa kukaa. Kwa hiyo simu naichaji mchana kwa kijana wa betri, mega za intaneti nanunua zile za usiku, najifunika blanketi mpaka kichwani, kisikio kimoja. Wanaongoza. Wanaongoza. Robo ya nne inaingia, na wale vijana wanaanza kupitishiana mpira kana kwamba una moto. Usiku mmoja wa Machi nikashindwa kujizuia. Nikaguna kwa uchungu, kwa sauti: "Charlotte! Charlotte, kwa nini unanifanyia hivi?"

Blanketi likavutwa.

"Charlotte ni nani?"

Nikasema ni timu. Mama watoto akasema timu gani inaitwa Charlotte, yeye ana binamu zake wawili wanaitwa Charlotte, na mama Charlotte anauza sombe, kisamvu, hapo kona. Asubuhi akampigia kaka yake. Jioni nikakuta mkutano sebuleni: shemeji, mjomba wao, na mama mmoja wa maombi ambaye mpaka leo sijui aliitwa na nani.

"Huyo Charlotte," mjomba akaanza, "umekuwa naye tangu lini?"

"2011."

Mama wa maombi akashika kichwa.

"Na pesa unampa?"

"Mega tu, mjomba."

"Na yeye anakupa nini?"

Nilifikiri sana. Sikutaka kusema uongo mbele ya wazee. "Hakuna kitu," nikasema. "Msimu huu hata ushindi 20 hajanipa. Mchujo hajaingia tangu 2016."

Ikabidi nitoe simu, nifungue jedwali, mjomba avae miwani. Walilipitisha mkono kwa mkono kama cheti cha hospitali. Mama watoto aliangalia muda mrefu kuliko wote, halafu akaenda jikoni bila kusema, nikasikia anacheka na sufuria. Aliyebaki ameshika simu ni shemeji.

"Na huyu LaMelo Ball," akauliza, "mbona anaonekana mzuri?"

Kosa lilikuwa langu, nilimjibu. Tangu siku hiyo shemeji, ambaye hana kazi tangu mwaka juzi, anahamia kibandani kwangu kila asubuhi. Mwalimu alimpigia hesabu ya LaMelo: mechi 36 msimu mmoja, 22 uliofuata, 47 ule wa 2024-25. Jumla 105 katika 246. "Mwanafunzi akihudhuria hivyo simpandishi darasa," akasema. Shemeji akasema vifundo vya miguu vitapona. Mwezi wa sita 2025 wakamchukua yule kijana wa chuo cha Duke, Kon Knueppel, namba 4, shemeji akasema huyo na Brandon Miller wakisimama pembeni, LaMelo katikati, msimamo wa kanda utabadilika. Alisema kwa uhakika wa mtu aliyelala vizuri. Mimi nilimwangalia nikajiona 2011.

Jumanne akaniomba jezi. Nikampa, nikijua atazunguka nayo mtaani na kuirudisha jioni. Mbele ya soko, kumbe, yule bwana wa kofia ngumu alikuwa anapita. Akamsoma kifua. Akamwuliza mashine iko wapi. Na shemeji, mtu ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, akamjibu: "Mashine si tatizo, papa. Tuongee bei."

Nasikia yuko Kolwezi, kwenye migodi. Simu hapokei. Jezi iko kwake, na asubuhi hii baridi imenipita koti la marehemu mpaka mbavuni, kinyozi ananichungulia dirishani anauliza kama na jezi nayo Lakers wameichukua.